Magauni ya Televisheni

Jumatano ile, saa kumi na robo alasiri, chumba cha mbele cha Bi Hajira kilianza kunuka nywele zilizoungua. Mwenyewe alikuwa kwenye mswala, kabakiza rakaa moja. Na Bi Hajira, kwa wasiomjua, ni mtu ambaye hata bati la nyumba ling'oke hakatishi sala. Alipotoa salamu kulia, kisha kushoto, ndipo alipoona moshi mweusi unafuka nyuma ya televisheni yake, chini ya gauni jekundu alilofumiwa na mpangaji wake.

"Yarabi! TV yangu!"

Mtu mwingine angekimbilia mlangoni. Bi Hajira alikimbilia TV. Alilikamata lile gauni kwa mikono miwili ili alivue, na balaa lilikuwa hapo hapo, maana gauni lilikuwa la uzi wa nailoni. Uzi wa pamba ukiungua unakuwa jivu, unaukung'uta yameisha. Nailoni inayeyuka, inashika ngozi, haibanduki. Ukelele alioupiga ulisikika hadi kwa wauza dagaa kona ya pili.

Uani kulikuwa na wapangaji wanafua. Mmoja alinyanyua ndoo ya maji akaja nayo mbio, akakutana ukumbini na Benjamini wa chumba cha nne, mwanamume mpole ambaye kiwanda cha nguo alichofanyia kazi ya zimamoto miaka kumi na miwili kilikuwa kimeuzwa na kufungwa, na ambaye mtaani walishaanza kumsalimia kwa kifupi.

"Maji hapana! Weka chini!"

"Baba Klara, kunaungua!"

"Nimesema weka chini! Unataka umeme umuue mama wa watu?"

Hakuna aliyewahi kumsikia Benjamini akipaza sauti. Aliruka hadi kwenye mita juu ya mlango wa ukumbi, akakata swichi kubwa, redio za vyumba sita zikanyamaza kwa mpigo. Akamtoa Bi Hajira nje kwa mabega. Akavuta blanketi la kitandani, akalitupa juu ya TV, kisha akaenda barazani kwenye mchanga wa waashi na kurudi na karai, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka moshi ukaacha kupanda. Pazia lilikuwa limekwisha, ukuta umekuwa mweusi hadi darini. Dakika tano zaidi na moto ungeingia kwenye mbao za dari, na dari ile ilikuwa moja kwa vyumba vyote sita.

Wakati hayo yote yakitendeka, mke wa Benjamini, Paskalina, alikuwa Mtaa wa Sikukuu nyumbani kwa mwalimu Celina, amepiga magoti na tepu ya kupimia, anapima televisheni nyingine. Mbele, ubavu, ubavu, na mgongo.

*

Mwaka huo wa tisini na sita Kariakoo ilikuwa imeingiwa na wazimu wa televisheni. Watu waliozoea kusikiliza taarifa ya habari redioni sasa walitaka kumwona msomaji anavaa tai gani. TV ikiingia nyumbani ilipewa meza yake, kona yake, na kwa sababu vumbi la Kariakoo halina adabu, ikapewa na nguo. Nguo hizo zilifumwa na Paskalina, au Mama Klara kama walivyomwita kwa jina la bintiye. Mwanzoni alifuma kitambaa kidogo tu cha kutandika juu, cheupe, cha pamba. Kisha Bi Hajira akanunua TV akaiweka dirishani.

"Mama Klara," alimwambia wakati ule, "watu wakipita barabarani wanaona matumbo ya TV yangu nje nje. Waya hizi, matundu hayo, aibu tupu. Nifumie gauni zima. Na mgongo nifunikie."

Paskalina akafuma gauni zima, na uzi akatafuta ule mpya wa kung'aa uliokuwa ukishuka kwa makontena, mwekundu, rahisi kuliko pamba. Gauni lilibana kama soksi. Wageni wa Bi Hajira walipoliona hawakuuliza TV imenunuliwa wapi, waliuliza gauni limefumwa na nani. Ndani ya miezi minne Paskalina alishafuma ishirini na tatu, yote yana mgongo. Ugali uliopikwa chumba namba nne ulitoka kwenye magauni, sare ya Klara ilitoka kwenye magauni, hata kodi ya Bi Hajira mwenyewe. Na sasa Khalfani, mfanyabiashara mwenye kibanda kizima cha mapazia sokoni, alikuwa ameleta gunia la uzi na oda ya magauni arobaini. Gunia lilikaa kando ya kitanda, na Paskalina kila alipoamka alilipapasa kwanza kabla ya kuvaa kanga.

Aliporudi Jumatano ile na kukuta mchanga umemwagika ukumbini, alipiga mayowe. Bi Hajira alikuwa keshapelekwa hospitali.

"Ni umeme," alisema mama mmoja uani. "Ulikatika mchana, uliporudi si uliona taa zilivyowaka?"

"Umeme wapi! Ni TV yenyewe. Wanatuletea makapi ya huko Dubai, halafu tunapiga foleni kununua."

Paskalina alimtazama mumewe. Benjamini alikuwa amechutama anazoa mchanga kwa mikono, hakuinua uso.

"Baba Klara, wewe unasemaje? Si ndiyo kazi yako hiyo?"

"Nasema tumshukuru Mungu," alijibu, akaendelea kuzoa.

*

Ijumaa asubuhi Bi Hajira alimgongea Paskalina mlango kwa kiwiko. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji nyeupe hadi kwenye vifundo.

"Vaa twende kwa Muhindi. Utanishikia mkoba na utakuwa shahidi yangu."

"Shahidi wa nini, Bi? Mimi sikuwepo."

"Shahidi kwamba mimi ni mtu msafi na vitu vyangu navitunza. Gauni si ulifuma wewe? Basi."

TV ilitangulia kwa mkokoteni, imefunikwa gunia kama maiti ya mtu asiye na ndugu. Duka la Ghanshyam lilikuwa upande wa pili wa soko, duka la miaka mingi, zamani la pasi na balbu, sasa limejaa TV ukutani zote zikionyesha mtu yule yule. Ghanshyam alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mkewe, Jasvanti, alikaa kwenye meza ya fedha, na mapajani alikuwa na kazi yake ya kufuma.

"Karibu mama. Nimesikia. Pole, pole sana. Mikono inaendeleaje?"

"Usinipe pole, nipe TV yangu!" Bi Hajira alisimama katikati ya duka, na alijua kusimama. "Miezi minne! Miezi minne tu TV inawaka kama jiko la mchina! Ningekufa mimi ungekuja kunizika?"

Wapita njia wakaanza kujaa mlangoni. Kariakoo ukipaza sauti hukosi watu.

"Mama, punguza hasira. Acha nifungue nitazame."

"Tazama! Tazama na hawa watazame!"

Ghanshyam aliinamia TV na bisibisi yake, akafungua skrubu moja moja bila haraka. Mgongo wa TV ulitoka na kipande chekundu kimegandia. Alikichokonoa kwa koleo. Kilikuwa kigumu, chenye kung'aa, lakini pembeni bado ulionekana mfumo wa maua.

"Hii nini, mama?"

"Hicho kitambaa. Cha kuzuia vumbi."

"Kimeziba matundu yote. Unaona matundu haya? TV inapumulia huku. Inatoa joto huku. Ukiziba, joto linarudi ndani." Akavuta mtoto wa meza, akatoa kijitabu, akakifungua palipochorwa TV iliyovikwa kitambaa na kukatwa msalaba. "Kijitabu nilikupa, si nilikupa?"

"Kijitabu cha Kiingereza na Kichina, mimi nikisomee wapi?"

Watu wakacheka. Ghanshyam alivua miwani akaifuta. "Haya, kweli. Hapo kosa langu, ningekueleza kwa mdomo. Na umeme nao unaruka, sikatai. Lakini niambie, siku ile ulizima wapi?"

"Kwa rimoti. Nilikuwa naangalia kanda ya taarabu, adhana ikalia, nikazima, nikaivisha."

"Papo hapo? Ya moto vile vile?"

"Sasa niiache uchi nisali?"

"Rimoti haizimi, mama. Inailaza tu. Ile taa nyekundu inabaki, umeme unabaki. Lazima uchomoe ukutani."

"Ahaa! Sasa kosa langu!" Bi Hajira aligeukia mlangoni. "Mnamsikia? Ananiuzia bomu, halafu kosa langu! Muulizeni huyu mwanamke, anakaa kwangu, mimi ni mchafu? Mimi sijui kutunza kitu? Sema, Mama Klara!"

Macho yote yakahamia kwa Paskalina. Mkoba wa watu ulikuwa kifuani kwake. Alikuwa amekiona kile kipande chekundu. Maua yale aliyajua, aliyabuni mwenyewe usiku wa mvua umeme umekatika, kwa kuhesabu vitanzi kwa ncha ya kidole.

"Bi Hajira ni msafi," alisema.

Hilo halikuwa uongo, lakini alihisi uso unamchoma. Jasvanti alikuwa amekichukua kile kipande mezani. Alikigeuza, akakivuta kidogo, halafu akainua macho akatazama mkono wa Paskalina uliokumbatia mkoba, kidole cha shahada, palipo na alama ya uzi ambayo kila mfumaji anayo na yeye mwenyewe alikuwa nayo. Akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, wewe unafuma?"

"Kidogo tu," alisema Paskalina, akaficha mkono ndani ya kanga.

Jasvanti alikirudisha kile kipande mezani. Alisema maneno mawili matatu ya Kigujarati kwa mumewe. Mlangoni mtu alishaanza kusema kwamba Wahindi wote ndivyo walivyo, na mwingine akaitikia kwa nguvu. Ghanshyam aliwatazama, akawatazama vijana wake wa dukani, akachoka.

"Chukua nyingine, mama," alisema. "Saizi ile ile. Nenda nayo."

*

Njia nzima Bi Hajira alitembea kama bibi harusi. TV mpya ilipowekwa mezani, dirishani pale pale, alimwita Paskalina kabla hajavuka kizingiti.

"Sasa sikiliza. Gauni lingine nataka la kijani. Na mgongo ushuke mpaka chini, lile la kwanza lilikuwa fupi."

Paskalina aliitikia, "Sawa, Bi," akaenda chumbani kwake, akafunga mlango na kukaa juu ya gunia la Khalfani.

Benjamini alikuwa anamenya viazi, kazi ambayo mwaka mmoja nyuma asingekubali mtu amwone akiifanya. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho bila kuacha kisu. Alipofika kwenye kile kipande chekundu sauti ya Paskalina ilikatika.

"Mimi nilidhani ni kitu kilichopoa," alisema. "Kama kabati. Kila ninapokwenda kupima imezimwa, ya baridi. Kila ninapopeleka gauni, ya baridi. Hapa kwa Bi Hajira tukiingia kuangalia nakaa mlangoni na kazi yangu. Baba Klara, mimi sijawahi kushika TV inayowaka. Hata siku moja."

"Mimi nimewahi."

"Lini?"

"Ile mechi ya Jangwani, gauni lilipokuwa jipya. Nilikaa pembeni kabisa, ubavuni mwa TV, karibu na dirisha. Ilipoisha Bi Hajira akaivisha, mkono wangu ukagusa lile gauni." Aliweka kisu chini. "Lilikuwa la moto, mama. Ningekuwa kiwandani ningepiga kengele."

Paskalina alimtazama kana kwamba ameingia chumba cha mtu mwingine.

"Ulijua? Miezi minne ulijua?"

"Nilihisi."

"Usiniletee kuhisi! Ulijua! Wewe uliyefundishwa moto ukalipwa mshahara wa moto, ulikaa kimya nikawa nawavika watu moto majumbani mwao!"

"Ningesema nini?" Naye sasa alikuwa na hasira, ila hasira ya mtu anayejionea aibu. "Mwanamume asiyeleta hata chumvi, nikuambie acha kazi inayotulisha? Kila nilipotaka kusema naona hicho kijiko cha uji mkononi mwangu. Nikajiambia labda si kitu. Nikajiambia hivyo kila siku."

"Na Klara anapita mle ukumbini kila siku."

"Najua."

"Dari ni moja."

"Najua, Paskalina! Nilijua Jumatano nilipokuwa na karai mkononi. Unadhani nimelala tangu siku hiyo?"

Nje mtu alikuwa anapita akitangaza sabuni. Paskalina alihesabu kwa vidole: ishirini na tatu, toa hilo lililoungua, ishirini na mbili. Kila moja alijua lilipo, rangi gani, maua gani. Akafikiria pia gunia alilokalia. Kwa magauni yale arobaini wangekaa mwaka mzima bila kumpigia mtu magoti, na mwenyewe alishamwahidi Klara viatu.

"Nikienda kuwaambia," alisema, "nani atanunua tena kitu kilichofumwa na mimi?"

"Hakuna."

"Hata kunidanganya hutaki?"

"Nilishakudanganya miezi minne."

Paskalina akasimama. Akatoa mkasi kwenye kikapu chake cha kazi, akaujaribu makali kwenye pindo la kanga.

"Haya, vaa shati," alisema. "Mimi nitakata, wewe utaeleza."

*

Jamani, kuna aibu na aibu. Kuomba ni aibu, lakini mwombaji walau anajulikana anataka nini. Mtu anayebisha hodi akisema nimekuja kuharibu kitu nilichokuuzia, watu wanamtazama mara mbili wakitafuta ujanja umejificha wapi.

"Yaani juzi ulinipima, leo unakuja kunikataza?" aliuliza mwalimu Celina. Lakini Celina alikuwa mtu wa kusikiliza. Benjamini alimwomba aiwashe TV yake mpya, wangoje kidogo, kisha aweke kiganja nyuma. Celina akaweka, akakiondoa haraka. "Mh! Basi hilo gauni sitaki tena." Gauni lake lilikuwa bado halijaanza kufumwa.

Nyumba ya pili mama mwenye nyumba alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Klara una akili! Unataka tuyatupe haya ili utuuzie fasheni mpya!" Nyumba ya tatu mwanamume alisema TV yake ina gauni mwezi wa tatu na haijakohoa, watoke wasimletee nuksi. Nyumba ya nne walikuta waya umepitishwa chini ya mkeka ili watoto wasijikwae, na kwenye soketi moja ya ukutani zimerundikwa plagi tatu, TV, deki ya video na pasi. Benjamini alipiga magoti, akaufunua mkeka.

"Waya ukikanyagwa kila siku unachubuka ndani huoni. Upitishe pembeni, ukutani. Na pasi usiichomeke hapa TV ikiwa inawaka. Nyuma ya TV acha shubiri moja, hivi. Juu yake usiweke hata maua, hata ya plastiki, maana mtoto atayatia maji. Na ukiona moshi, usikimbilie maji. Kimbilia swichi kubwa."

Paskalina alimsikiliza. Sauti ile alikuwa hajaisikia tangu kiwanda kifungwe. Alifurahi, na papo hapo akaumia, maana laiti angeisikia miezi minne nyuma. Wenye nyumba walipokubali, yeye aliingiza mkasi. Alikata mgongo wa gauni kutoka bega hadi bega, vitanzi vikafumuka, akafunga pindo ili sehemu ya juu ibaki walau kitambaa kidogo. Wengi walimwambia chukua lote. Benjamini kila mara alimwambia mwenye TV aguse nyuma. Paskalina yeye hakugusa. Aliweka mikono kwenye mkasi.

Siku tatu walizunguka. Kumi na nane walikubali, wanne walikataa katakata. Siku ya pili watoto wa Mtaa wa Sikukuu walishampa jina, Mama Moto, na walilipigia makofi alipopita. Klara alirudi kutoka kucheza analia kwa sababu ya jina hilo hilo.

Khalfani walimkuta kibandani kwake katikati ya mapazia.

"Shida yako nini, Mama Klara? Wewe fuma. Mtu akifunika TV ikaungua ni shauri yake. Mimi nauza kitambaa, siuzi moto."

"Nitakufumia vya kutandika juu tu, visivyo na mgongo. Vya pamba."

"Hivyo kila mwanamke anafuma. Wateja wanataka mgongo, wanauulizia kwa jina." Alimtazama kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lilimuuma zaidi Paskalina. "Gunia langu nitamtuma mtu alifuate jioni. Wapo watakaofuma."

"Basi waambie wasiweke mgongo, Bwana Khalfani. Nakusihi."

"Nitawaambia," alisema Khalfani, na alikuwa keshamgeukia mteja mwingine.

*

Bi Hajira walimwacha wa mwisho. Hawakuwa na mahali pengine pa kulala kama angewafukuza, na hilo walilijua wote wawili tangu siku ya kwanza. Jumatatu jioni, kabla ya magharibi, Paskalina alimwambia mumewe abaki, akaenda peke yake.

TV ilikuwa inawaka, inaonyesha habari za bandarini. Bi Hajira alikaa kitandani, mikono imelala mapajani na bandeji zake.

"Ehe, Mama Moto. Nimesikia unakata magauni ya watu. Langu la kijani liko wapi?"

"Sikulifuma, Bi. Sitalifuma." Paskalina alisimama mlangoni, kanga ameikaza kiunoni kwa mikono miwili. "TV yako iliunguzwa na gauni langu. Ghanshyam alisema kweli."

Akasimulia yote, la pamba na la nailoni, la kupima TV zilizozimwa, la mkono wa Benjamini siku ya mechi. Msomaji wa habari alimaliza, likaja tangazo la sabuni, likaisha.

"Kwa hiyo nilimtukana yule mzee bure," alisema Bi Hajira mwishowe.

"Ndiyo, Bi."

"Mbele za watu."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa umenishikia mkoba." Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Ulikiona kile kipande, ukakijua. Ukasimama kimya na mkoba wangu kifuani, ukaniacha naropoka kama mwehu."

Paskalina alilia. Hakulia kwa kujitetea, alilia tu, mabega yanaruka, mwanamke mzima. "Niliogopa. Nilifikiria gunia la Khalfani. Nisamehe, mama. Ukitaka tuhame tutahama."

Bi Hajira aliitazama mikono yake. Chini ya bandeji ngozi ilikuwa inatengeneza ngozi nyingine, na daktari alishamwambia kwamba viganja havitarudi kuhisi kama zamani.

"Na nani alikwambia uweke mgongo?" aliuliza. "Si mimi? Si mimi niliyeona aibu matundu ya TV kuonwa na wapita njia? Hata la kijani nilisema lishuke mpaka chini." Akatikisa kichwa. "Kesho asubuhi tunakwenda kwa Ghanshyam, mimi na wewe. Hii TV tunairudisha. Nilimtukana mbele za watu, nitamwomba radhi mbele za watu, hata kama itabidi nipige kelele ndio wajae. Na mkoba nitabeba mwenyewe."

"Utaubeba vipi, Bi, na mikono hiyo?"

"Nitauning'iniza kwenye kiwiko. Usinishughulikie."

Msikitini adhana ya magharibi ikaanza. Bi Hajira alinyoosha mguu, akabonyeza rimoti iliyokuwa sakafuni kwa kidole gumba cha mguu, picha ikatoweka. Ile taa nyekundu ikabaki. Paskalina akainama kuchomoa plagi ukutani.

"Ngoja. Mumeo anasema watu washike nyuma kwanza, si ndivyo? Mimi nikishika sihisi kitu." Bi Hajira aliinua mikono yake myeupe, akaishusha. "Shika wewe."

Paskalina aliinuka, akaikaza kanga upya.

"Shika, mama. Haikuumi."

Akaenda nyuma ya meza, upande wa dirisha, mahali ambapo wapita njia wangeweza kumwona. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya matundu. TV ishirini na nne alizipima, ya mwalimu Celina ikiwemo, mbele, ubavu, ubavu na mgongo, na hii ilikuwa ya kwanza kuigusa ikiwa imetoka kuwaka. Joto lilimpanda kiganjani, likapita kwenye ile alama ya uzi kidoleni. Lilikuwa joto la mtoto mwenye homa. Aliacha mkono pale pale.

"Vipi?" aliuliza Bi Hajira, tayari amesimama kuelekea mswala.

"Ya moto."

"Basi chomoa, uiache hivyo hivyo, ipoe."

Paskalina akachomoa plagi. Ile taa nyekundu ikafifia taratibu mpaka ikazimika, na yeye akabaki amesimama, mkono juu ya TV, akingoja ipoe.